Frankenstein si Jina la Jitu: Uso Ule ni wa Boris Karloff

Tangu filamu mpya ya Guillermo del Toro itoke mwaka 2025, jina la Frankenstein limerudi midomoni mwa watu, na mkanganyiko wa miaka mingi umerudi pamoja nalo. Mtu anatuma picha ya jitu lenye kichwa bapa, kope nzito na vyuma viwili shingoni, anaandika chini yake "Frankenstein". Mwingine anamsahihisha kwamba huyo ni Boris Karloff, Mrusi fulani wa zamani. Wa tatu anashangaa: kwani Karloff si ndiye aliyetunga hadithi yenyewe? Ubishi unakwenda hivyo mpaka watu wanachoka, na hakuna aliyepata jibu.

Tuanze na majina, maana fundo lote limefungwa hapo.

Frankenstein ni jina la mwanasayansi. Ni kijana msomi aliyekusanya viungo vya maiti, akaviunga, akavitia uhai. Aliyemtunga ni Mary Shelley, mwandishi wa Uingereza, katika riwaya iliyotoka mwaka 1818. Kiumbe alichokitengeneza hakupewa jina lolote, wala kitabuni wala katika filamu maarufu ya mwaka 1931. Kumwita kiumbe yule Frankenstein ni sawa na kununua kinyago cha Kimakonde ukakiita kwa jina la mchongaji. Karloff naye ni mwigizaji aliyevaa sura ya kiumbe huyo mwaka 1931, na akaivaa vizuri kiasi kwamba hadi leo mchoro wowote wa kiumbe huyo huwa ni mchoro wa uso wake.

Wahenga wetu walisema kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Hadithi ya Mary Shelley inasimama upande wa pili wa methali hiyo: mchongaji alikitazama kinyago chake kikifumbua macho, akatimua mbio. Ukilishika hilo, umeshaelewa nusu ya kinachofuata, kwa sababu kiumbe hakuanza kuwa mbaya. Alianza kwa kukimbiwa.

Mkanganyiko wa pili ni wa sura. Wengi huamini kichwa bapa na vyuma vya shingoni vimo kitabuni. Havimo. Kiumbe wa Mary Shelley ana nywele nyeusi ndefu, ngozi ya manjano, anasoma vitabu vizito na anajieleza kuliko wakili. Sura tunayoijua leo ilibuniwa katika studio ya Universal, Marekani, na mpambaji wa waigizaji aliyeitwa Jack Pierce. Kichwa alikifanya bapa kwa hoja ya fundi: alisema daktari asiye na ustadi wa upasuaji, akitaka kutia ubongo ndani ya fuvu, atachagua njia rahisi, yaani kukata utosi kama mfuniko wa sufuria, kuweka ubongo, kisha kufunika na kubana. Vile vyuma vya shingoni navyo si parafujo za kushikia kichwa. Ni vichomeo vya umeme, mahali pa kuingizia nguvu iliyompa uhai.

Na rangi ya kijani? Filamu ile ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Pierce alimpaka Karloff rangi ya kijivu iliyoelekea ukijani kwa sababu mbele ya kamera za wakati ule ilitokea kama ngozi ya maiti, nyeupe isiyo na damu. Mtazamaji wa mwaka 1931 hakuona kijani chochote. Kijani kilikuja kushika baadaye, kupitia mabango, vinyago vya plastiki na katuni.

Sasa tumjie mtu mwenyewe.

Boris Karloff hakuwa Mrusi. Alizaliwa William Henry Pratt tarehe 23 Novemba 1887, Camberwell, kusini mwa London, akiwa kitinda mimba wa watoto tisa. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, na pande zote mbili za wazazi wake zilikuwa na damu ya Kihindi. Dada wa bibi yake mzaa mama alikuwa Anna Leonowens, yule mwalimu aliyefundisha watoto wa mfalme wa Siam, yaani Thailand ya leo, na ambaye maisha yake yaligeuzwa kuwa tamthilia na filamu. Rangi ya William ilikuwa ya maji ya kunde kuliko ya Waingereza waliomzunguka. Hilo lina uzito wake: alipofika Hollywood, kwa miaka mingi nafasi alizopewa zilikuwa za Waarabu, Wahindi na watu wabaya wa kila aina, kwa sababu watengenezaji filamu wa enzi hizo walimgawia mtu kazi kwa kutazama ngozi yake.

Utotoni alikuwa na kigugumizi na kithembe. Kigugumizi alikishinda, kithembe kikabaki naye maisha yote. Ukisikiliza sauti yake kwenye filamu utakisikia kwenye herufi "s", laini, kama mtu anayesema na mtoto aliyelala. Nduguze wakubwa ndio waliomlea, na walimpangia njia iliyokuwa ya ukoo: utumishi wa serikali ng'ambo. Kaka yake mmoja, John, alikuja kuwa mwanadiplomasia mwenye cheo cha heshima cha "Sir". William alipelekwa King's College, London, kujiandaa kwa kazi ya ubalozi. Hakumaliza. Mwaka 1909 alipanda meli kwenda Kanada, akafanya vibarua vya shambani, kisha akajiunga na kikundi cha maigizo kilichokuwa kikizunguka miji midogo.

Hapo ndipo jina lilipobadilika. Mtoto wa familia ya maofisa kuwa mwigizaji wa kuzunguka na masanduku ilikuwa fedheha, na hakutaka jina la Pratt lisomwe kwenye matangazo ya ukumbi wa mji mdogo. Karloff alisema limetoka kwa mababu wa upande wa mama. Binti yake, Sara, baadaye alisema hajaona ushahidi wa babu kama huyo. Jina la Boris aliliokota tu, kwa kuwa lilikwenda vizuri na lile la pili. Kwa hiyo Urusi yote ya Boris Karloff imo ndani ya jina la jukwaani.

Kuna watu wanaodhani alifika Hollywood leo, kesho akawa nyota. Ukweli unauma zaidi. Alianza kuonekana kwenye filamu zisizo na sauti mwishoni mwa miaka ya 1910, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mtu wa kupita kwa nyuma wakati kamera inawatazama wengine. Pesa zikikauka alikuwa akiendesha lori na kubeba mizigo ya vifaa vya ujenzi. Alipenda kusimulia jinsi Lon Chaney, nyota mkubwa wa filamu za kutisha za wakati huo, alivyompa lifti siku moja na kumshauri atafute kitu ambacho wengine hawawezi au hawataki kukifanya. Kabla ya filamu iliyompa jina alikuwa ameshaigiza katika filamu zipatazo 80. Mwaka huo wa 1931 alikuwa anatimiza miaka 44, umri ambao waigizaji wengi huambiwa wakati wao umepita.

Kiumbe wa Frankenstein hakuandaliwa kwa ajili yake. Studio ilikuwa imemfikiria kwanza Bela Lugosi, Mhungaria aliyekuwa ametamba mwaka huohuo kama Dracula. Mpango huo ukavunjika, na mwongozaji mpya akaletwa, Mwingereza James Whale. Whale alimwona Karloff akila chakula cha mchana kwenye mkahawa wa studio, akavutiwa na umbo la kichwa na uso wake, akamwita mezani na kumwomba ajaribiwe kama jitu. Karloff siku hiyo alikuwa amevaa suti yake nzuri. Alikubali, kwa sababu kazi ni kazi.

Ningependa msomaji asimame kidogo hapa, kwa kuwa hapa ndipo ilipo sanaa yenyewe. Kila alfajiri alikaa kwenye kiti cha Pierce kwa takribani saa nne. Pamba ilibandikwa kichwani tabaka kwa tabaka na kukaushwa kwa dawa yenye harufu kali mpaka utosi ukakaa bapa. Karloff mwenyewe aliona macho yake yanang'aa mno, yana akili mno kwa kiumbe aliyeamka juzi, akaomba yafunikwe nusu. Pierce akampa kope za nta. Kisha Karloff akang'oa daraja lake la meno ya bandia upande mmoja wa kinywa, shavu likabonyea ndani na kuacha kivuli. Ukitazama vizuri utakiona kivuli hicho upande mmoja tu. Koti lake lilikuwa na mikono mifupi ili mikono yake ionekane mirefu kupita kiasi. Miguuni alivaa buti nzito za watu wanaotandaza lami, na suti ilijazwa pamba ndani. Filamu ilipigwa kuanzia Agosti, joto la California likiwa limepamba moto. Siku moja walimweka kazini kwa saa 25 mfululizo.

Wengine husema basi sifa ni za Pierce, Karloff alikuwa ameubeba tu mzigo. Sikubaliani, na filamu yenyewe inanipa hoja. Tazama kiumbe anapoingia kwa mara ya kwanza. Anaingia kinyumenyume, mgongo mbele, kama mtu ambaye bado hajajua mbele ni wapi. Anageuka polepole. Halafu muumba wake anafungua dari, mwanga wa jua unamwangukia, naye anainua uso na mikono, vidole vikijaribu kuushika mwanga. Hasemi neno. Dari inafungwa, na anabaki na mikono mitupu, viganja juu, akimtazama yule bwana kana kwamba anamwuliza umekwenda wapi. Pamba na nta haziwezi kufanya hivyo. Ile ni mikono ya mwigizaji aliyefikiri mtoto mchanga mwenye mwili wa jitu angefanyaje.

Kisha kuna tukio la ziwani. Kiumbe ametoroka, anamkuta binti mdogo anayeitwa Maria, na Maria ndiye binadamu wa kwanza asiyemkimbia. Anampa ua. Wanarusha maua majini, yanaelea kama vimashua, na kwa mara ya kwanza kiumbe anatabasamu. Maua yanapoisha anatazama mikono yake, anamtazama mtoto, na kwa akili yake changa anadhani mtoto naye ataelea. Anamtupa. Mtoto anazama, na yeye anapapasa maji, kisha anakimbia akiwa amechanganyikiwa.

Karloff hakulipenda tendo hilo la kumtupa mtoto na alilipinga. Wakaguzi wa filamu katika sehemu mbalimbali nao waliona limezidi, likakatwa: picha ikaishia pale kiumbe anaponyoosha mikono, kisha inaruka hadi baba anapobeba maiti ya mwanawe mjini. Fikiria ukataji huo ulifanya nini. Kwa miongo mitano watazamaji hawakuona kosa la kitoto lililoishia kwa msiba. Waliona mikono ikinyooshwa kuelekea mtoto, na mawazo yao yakajaza lililobaki, tena kwa ubaya zaidi. Kipande hicho kilirudishwa miaka ya 1980, wakati Karloff ameshafariki. Sehemu kubwa ya sifa ya kiumbe huyu kuwa katili imetokana na mkasi.

Ndiyo maana nasita kumwita zimwi. Zimwi la hadithi za bibi zetu lina hila: hujigeuza bwana harusi, huvizia njiani, hula watu. Kiumbe wa Karloff hana hila hata chembe. Tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini huyu tatizo lake ni kwamba hakuna aliyetaka kumjua.

Sasa rudi kwenye majina. Filamu ilipoanza, orodha ya waigizaji ilionyeshwa, na mbele ya kiumbe pakawekwa alama ya kuulizia tu. Baadhi husimulia kwamba jina la Karloff halikutajwa kabisa. Si kweli: orodha ya mwisho ilimtaja. Alama ile ilikuwa ujanja wa biashara wa kuwafanya watu wajiulize ni nani. Hata hivyo studio haikuona umuhimu wa kumwalika kwenye uzinduzi. Miaka minne baadaye, ilipotoka filamu ya pili ya mfululizo huo, bango na orodha viliandika neno moja: KARLOFF. Halikuhitaji Boris mbele yake. Alama ya kuulizia ikahamia kwa mwigizaji wa kike aliyecheza bibi harusi wa jitu.

Katika filamu hiyo ya mwaka 1935 kiumbe anajifunza kusema. Wengi huisifu, nami naipenda. Karloff hakuipenda hatua hiyo. Aliona kumpa maneno kunampunguzia utu uleule ambao ukimya ulimpa. Na kwa kuwa sasa alipaswa kusema, meno yake ya bandia yalibaki kinywani, ndiyo sababu uso wa kiumbe umejaa zaidi kuliko wa mwanzo. Mwaka 1939 aliivaa sura hiyo kwa mara ya tatu katika filamu ndefu, kisha akaiacha. Filamu nyingi za Universal zilizofuata zina jitu lilelile likichezwa na watu wengine, kwa hiyo si kila kichwa bapa unachokiona ni Karloff.

Uvumi mwingine unaodumu ni wa uhasama kati yake na Bela Lugosi. Filamu moja ya mwaka 1994 ilimwonyesha Lugosi akimtukana Karloff kwa matusi mazito, na watazamaji wakaichukua kama historia. Kilicho wazi ni kwamba wawili hao walionekana pamoja katika filamu 8 kati ya 1934 na 1945, na kwamba studio ilimlipa na kumtangaza Karloff zaidi. Wivu wa kazi ungeweza kuwepo, ni jambo la kibinadamu, lakini lile la matusi ni la sinema.

Na je, mtu anayeigiza ubaya maisha yake yote hawi mbaya? Swali hili tunalijua hata sisi. Mwigizaji akicheza mchawi vizuri, sokoni watu humpisha njia. Waliofanya kazi na Karloff walimjua kama mtu mpole, mpenda kriketi, mpenda bustani na vitabu. Mtoto aliyeigiza Maria hakumwogopa hata akiwa amepakwa rangi zote. Aliomba kupanda gari moja naye kwenda ziwani. Mwaka 1933, akiwa amechoshwa na siku za kazi zisizo na mwisho, Karloff alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji wa filamu cha Marekani, wakati ambapo studio zilikuwa na nguvu ya kumfungia mwigizaji milango yote kwa kosa la kujiunga tu. Saa za kazi ambazo waigizaji wa leo wanazichukulia kuwa haki zilipiganiwa na watu kama yeye.

Mwaka huohuo wa 1933 alirudi Uingereza kupiga filamu, mara ya kwanza tangu aondoke zaidi ya miaka ishirini nyuma. Alikuwa na hofu ya kukutana na kaka zake, watu wazima wa serikali, kwa ile aibu aliyoikimbia alipolificha jina la Pratt. Mpiga picha wa magazeti alipotaka kuwapiga picha, kama alivyokuja kusimulia, kaka zake hao waheshimiwa walianza kubishana nani asimame wapi.

Maisha yake ya baadaye nitayapita haraka, ingawa yana mengi. Alicheza jukwaani New York kuanzia mwaka 1941 katika vichekesho ambamo mhusika wake ni muuaji anayekasirika kila akiambiwa anafanana na Boris Karloff. Alicheza nahodha wa maharamia katika mchezo wa watoto mwaka 1950, na mwaka 1956 alitajwa kuwania tuzo ya Tony kwa mchezo wa kuigiza wa historia usio na jini wala jitu ndani yake. Anayesema alijua kutisha tu hajatazama orodha hiyo.

Mwaka 1966 sauti yake ilisimulia katuni ya Krismasi ya Grinch kwa televisheni ya Marekani, na rekodi yake ikampa tuzo ya Grammy. Hapa pia majina yaligongana: wimbo maarufu wa katuni hiyo ulidhaniwa kuwa ni wake, kumbe uliimbwa na Thurl Ravenscroft, ambaye jina lake liliachwa kwenye orodha ya washiriki. Zamu hii ni Karloff aliyepewa sifa ya mtu asiyetajwa.

Mwishoni mapafu yake yalikuwa yameharibika na miguu imekaza kwa baridi yabisi. Bado alifanya kazi, akipumzika kwenye kiti cha magurudumu na kuvuta oksijeni kati ya tukio moja na jingine. Mwaka 1968 ilitoka filamu ya Peter Bogdanovich ambamo anaigiza mwigizaji mzee wa filamu za kutisha anayetaka kustaafu, kwa kuwa anaona habari za magazetini zimeshatisha kuliko yeye. Ukitaka kumwona Karloff bila pamba wala nta, anza na hiyo.

Alifariki tarehe 2 Februari 1969 huko Midhurst, Uingereza, akiwa na miaka 81. Kile kiumbe hakuwahi kukikana. Alikiita rafiki bora aliyewahi kuwa naye. Na lile jina la kubuni, ambalo dunia nzima ilimwitia kwa karibu miaka 60, hakuwahi kulisajili kisheria. Nyaraka zake rasmi alitia saini kama William H. Pratt, kisha akaongeza kwamba anajulikana pia kwa jina la Boris Karloff.